Ruhusa ya Kuzunguka Bwawa

Shemeji yangu Mosoti ni mtu wa kuomba ruhusa. Ukimkaribisha kwako atasimama mlangoni hadi umwambie aingie mara mbili, kwa sababu ile ya kwanza anadhani umekosea. Mimi humwambia, "Shemeji, ingia, hapa si ofisini," naye anacheka, na bado anangoja. Tabia hiyo imenikera tangu amwoe dada yangu Phelis. Nilikuwa nikidhani ni ya kukera tu, basi.

Mimi naitwa Nyabate. Nauza ndizi Kedowa, kando ya barabara. Sijawahi kuajiriwa, na mtu wa kuniambia kaa au simama hajazaliwa. Mosoti naye ameishi kwenye shamba la kampuni ya majani chai tangu ndevu zimwote. Alitoka kwetu Nyamira akiwa kijana, akapewa kikapu cha mgongoni, chumba kimoja kambini, na nyapara wa kumwangalia. Kwa hao watu wa kambi hakuna jambo la mtu mwenyewe. Unataka kufuga kuku, unaomba. Unataka kupanda sukuma nyuma ya nyumba, unaomba. Hata mimi nikienda kulala kwa dada yangu lazima nyapara aambiwe kuna mgeni, ananiangalia kutoka juu mpaka chini kana kwamba nimebeba bunduki kwenye kikapu cha ndizi.

Na kuomba kwenyewe kuna ngazi. Unamwambia nyapara, nyapara anamwambia supavisa, supavisa anamwambia meneja msaidizi, kisha jibu linarudi likishuka ngazi hizo hizo. Ukiruka ngazi moja umemdharau mtu, na mtu aliyedharauliwa hasahau.

Lakini nisimwonee. Hiyo njia ilimfaa siku moja, na ndiyo iliyomharibu. Wao ni Wasabato, yeye na dada yangu, na zamani kampuni ilitaka watu kazini kila Jumamosi. Wenzake wengine walitoroka, wakakatwa siku, wakafutwa. Mosoti hakutoroka. Aliomba. Mwaka mzima alikuwa akienda kwa nyapara kila Ijumaa na maneno yale yale ya upole, mpaka wakachoka naye, wakampa Sabato yake, naye akawa anafanya kazi Jumapili, kufagia pale majani hupimwa. Kanisani walimshangilia. Wakamfanya mzee wa kanisa. Tangu hapo huwezi kumwambia kitu: ukiomba vizuri, ukangoja vizuri, utapewa.

Na kuna kisa cha Masese, jirani yao. Masese aliingia msitu wa kampuni kuokota kuni, askari wakamkamata na mzigo kichwani. Siku hiyo hiyo vyombo vyake vilitolewa nje, sufuria barabarani, watoto wamekalia godoro. Mosoti ndiye aliyemsaidia kubeba kitanda mpaka barabara kubwa. Alirudi nyumbani hakula.

Msitu wenyewe uko bondeni, chini ya lile shamba ambamo dada yangu naye alikuwa akichuma majani. Katikati yake kuna bwawa. Phelis akinyoosha mgongo, pale juu ya kilima, aliona kipande cha maji kati ya miti, kidogo tu, ukubwa wa leso. Watu walisema kuna njia inayolizunguka bwawa lote, kwamba wake za mameneja hutembea huko na mbwa, kwamba kuna nyani wenye manyoya marefu meupe na meusi, na maua yanayokaa juu ya maji bila kuzama. Dada yangu alikuwa akisema, "Siku moja nitaenda." Siku gani? Jumapili mpaka Ijumaa wanapishana kazini, yeye na mumewe, Sabato ni kanisa, na nguo za watoto hazijifui. Watoto wakakua, wakaenda zao. Osoro, kifungua mimba wake, yuko Mulot anaendesha trakta kwenye ngano. Na bado Phelis alikuwa hajafika bondeni, mwendo ambao mimi ningeumaliza kabla ndizi hazijaiva.

Halafu mashine za kuchuma zikaja. Phelis akawa kati ya wale wa kwanza kuambiwa asante. Mosoti alibakizwa kwenye kitalu cha miche, na kambi yote ilijua kwamba wanatafutwa wengine wa kupunguzwa, na kwamba mwenye kosa ndiye ataanza. Mtu akikohoa vibaya mbele ya supavisa, analala na wasiwasi.

Wakati huo ndipo macho ya dada yangu yakaanza kumsumbua. Nilikuwa nimeenda kuwatembelea, Phelis ananimiminia chai, na chai ikamwagika mezani, kando kabisa ya kikombe. Nikamcheka, nikamwambia, "Dada, umezeeka au umelewa?" Hakucheka. Alipapasa meza mpaka akakipata kikombe.

Tulimpeleka kwa daktari wa macho, mimi na Mosoti. Daktari alituambia ni presha ya macho, na kwamba imekaa ndani muda mrefu kimyakimya. Kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone itachelewesha kile kilichobaki. Phelis akamuuliza itachelewesha mpaka lini. Daktari akasema, "Mama, sitaki kukudanganya. Unachotaka kuona, ona sasa."

Tulitoka nje. Dada yangu hakulia. Alimshika mumewe mkono wa shati na kumwambia, "Baba Osoro, kabla hayajafunga, nataka tuzunguke lile bwawa. Mimi na wewe. Siku nzima, bila kukimbizwa na kazi."

"Tutazunguka," Mosoti alisema.

Hiyo ilikuwa Desemba. Na nataka niseme ukweli, wiki zile za kupanga ndizo zilizokuwa nzuri. Sijawahi kuona watu wazima wakipanga kitu namna hiyo, utadhani wanasafiri Yerusalemu. Mosoti aliuliza kila dereva wa trakta aliyewahi kupita kule zamani, njia inapanda wapi na kushuka wapi. Aliamua wataanzia upande wa chini, asubuhi, ili jua liwe mgongoni, kwa sababu mwangaza wa mbele ulikuwa unamchoma Phelis. Alijua gogo ambalo watakalia kunywa uji. Alimnunulia gumbuti mpya, viatu virefu vya mpira, akamfanya azivae ndani ya nyumba kila jioni ili zisije zikamchuna siku yenyewe. Dada yangu anatembea jikoni na gumbuti, mimi nimekaa nacheka mpaka mbavu zinauma. Mimi nilipewa kazi ya chakula: viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi mbivu, na uji wa wimbi kwenye chupa ya chai.

"Sasa kila kitu kiko tayari," Mosoti alisema. "Imebaki ruhusa tu."

Nikamwuliza ruhusa ya nini. "Pitieni nyuma ya kitalu, mzunguke, mrudi. Nani atawaona?"

"Shemeji, unataka vitu vyetu vitolewe nje?"

"Basi askari mpe ya chai."

"Mimi ni mzee wa kanisa."

"Basi nitampa mimi. Mimi si mzee wa mahali popote."

Phelis alicheka sana. Nikamwambia kama mume wake anaogopa, nitampeleka mimi, hata kesho. Akasema, "Na wewe? Utaongea njia nzima mpaka nyani wahame. Nitaenda na yeye. Wacha aombe, yeye anajua kuomba."

Januari ilikuja na jua, anga safi, hakuna tone la mvua, barabara za kampuni zimekauka zinatoa vumbi. Mosoti akamwendea nyapara wake, Kipngetich. Kipngetich ni mtu mzuri, si mtu wa kelele. Alisema, "Hiyo ya bwawa mimi siwezi kusema ndiyo. Nitaongea na supavisa." Supavisa akasema hiyo si yake, ni ya meneja msaidizi. Meneja msaidizi alikuwa amehamishwa, na mwingine hajaletwa. Februari ikaingia. Kipngetich akimwona Mosoti anamwambia, "Mzee, bado nakumbuka." Kila mmoja alikuwa anakumbuka. Hakuna aliyetaka kuwa yule aliyesema ndiyo.

Nilikuwa nampigia simu kila Sabato jioni. "Shemeji, mmeenda?"

"Bado. Wamesema wiki ijayo."

"Wiki ijayo ya mwaka gani?"

"Nyabate, vitu vya kampuni vina utaratibu wake."

Utaratibu! Nilikuwa nakata simu na kumtukana mbele ya wateja wangu. Wanawake wa pale Kedowa wakawa wanamjua Mosoti kwa matusi yangu bila hata kumwona sura.

Januari dada yangu alikuwa bado anaona. Hakuona pembeni, lakini akikaa dirishani aliweza kutunga uzi kwenye sindano, na aliniambia nimeanza kutoa mvi hapa kwenye paji, mbaya yeye. Februari aliacha kushona. Machi mvua ikaanza, ile ya kwetu ya kila siku mchana, na nilipoenda kumwona nilikuta Mosoti amefunga kamba kutoka mlangoni mpaka chooni, ya kushika. Phelis akaniuliza, "Umevaa nguo gani?" Nikamwambia ile nyekundu. Akasema, "Ile huwa inakupendeza." Alikuwa ameniangalia usoni muda wote huo. Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua, kwa sababu sikutaka anisikie.

Mosoti alinifuata. Nikamgeukia. "Bado unangoja? Kwani wewe huoni?"

"Naona, shemeji."

"Basi mpeleke! Leo! Wakikufukuza mtakuja kwangu Kedowa, mtalala kati ya ndizi!"

"Na nikikamatwa naye huko msituni? Akimbie vipi, hata njia haoni? Unataka asukumwe na askari?" "Nitapewa. Nimeshaomba vizuri."

Hilo la kukimbia sikuwa nimelifikiria. Mimi mwenyewe sikuwahi kufika huko. Mambo ya bwawa nilikuwa nayajua kwa kusikia, kama wao.

Mwezi wa tano ndipo meneja msaidizi mpya alipoletwa, kijana anaitwa Kipkosgei. Mosoti alimngojea kwenye kitalu siku kadhaa mpaka akapita. Akasimama mbele yake, akajieleza: jina lake, kazi yake, miaka aliyokaa, mke wake, macho, bwawa. Kipkosgei alikuwa na simu sikioni. Alisema, "Kuzunguka bwawa? Nendeni tu, mzee," akawasha pikipiki akaondoka. Hata Jumapili ya mapumziko Mosoti akapewa na Kipngetich bila maneno mengi.

Alinipigia akiwa amekata pumzi. "Nyabate! Tumepewa! Ni mtu mzuri sana huyu mpya. Hata hakufikiria mara mbili!"

Sikujua nimpongeze au nimtukane. Nikamwuliza Phelis anasemaje.

"Anasema sawa. Anasema mwanga bado anauona. Jua likipiga kwenye maji ataona mng'ao."

Basi nikachemsha viazi. Nilifika kambini mapema na chupa yangu ya uji, nikamkuta dada yangu amekaa kwenye kiti nje ya nyumba, amevaa nguo ya kanisani na zile gumbuti, kitambaa kipya kichwani. Alikuwa amejipaka mafuta. Nilitaka kumtania nikashindwa. Alisema, "Nyabate, kuna mawingu?" Nikaangalia juu, nikamwambia hakuna, na hakukuwa. Asubuhi ilikuwa safi kama zile za Januari.

Mosoti hakutaka tupite nyuma ya kitalu. Alisema mtu mwenye ruhusa hupita getini. Kwa hivyo tukazunguka kwa barabara ya upande wa mjini, ambayo watu wa kambi hawaitumii, yeye amemshika Phelis mkono wa kulia, mimi nyuma na chakula. Njiani alikuwa anamwambia kila kitu: hapa majani yamekatwa juzi, hapa kuna mikaratusi imekua sana, hapa kuna tope, inua mguu. Phelis alikuwa anatabasamu. Nilianza kufikiri kwamba labda itakuwa siku njema hata hivyo, kwamba mtu anaweza kuona kidogo na ikamtosha.

Getini tulikuta askari msichana, amekaa kwenye kiti cha plastiki anafuma sweta. Baadaye nilijua anaitwa Chepkemboi. Geti lilikuwa wazi. Nyuma yake, kati ya miti, niliyaona maji, mengi, yametulia.

Mosoti akasimama wima. "Habari ya asubuhi, ofisa. Sisi ndio wale wa ruhusa."

"Ruhusa gani, mzee?"

"Ya kuzunguka bwawa. Nilipewa na bwana Kipkosgei mwenyewe. Unaweza kumpigia."

Msichana akacheka, kicheko cha heshima tu. "Aki mzee. Hapa hakuna ruhusa. Ingieni tu."

"Hapana, mimi nilipewa ruhusa."

"Sawa, lakini haihitajiki. Watu huingia kila siku. Si walifungua ile korona ilipoisha?"

Vijana wanne wakatupita, wamevaa raba za rangi, mmoja ameshika simu juu anajipiga picha. Hawakumsalimu hata askari. Waliingia tu.

"Hao ni watu wa nje," Mosoti alisema. "Sisi ni wa kampuni. Wa kampuni lazima waombe."

"Hata wa kampuni, mzee. Kila mtu. Kwani kambini hamkuambiwa?"

Nikamwangalia dada yangu. Alikuwa ameacha kutabasamu na amegeuza kichwa upande wa sauti, hivi, kama mtu anayesikiliza redio.

"Baba Osoro."

"Naam."

"Uliomba mara ya kwanza lini?"

Mosoti alitazama lile geti lililokuwa wazi.

"Nimekuuliza."

"Januari."

"Januari nilikuwa naona," Phelis alisema. Hakupaza sauti.

"Mama Osoro, ningejuaje? Mimi niliomba. Niliwaomba wote."

"Najua uliwaomba."

Mimi, mwenye matusi ya kila mtu, sikupata hata moja. Nilitamani kumpiga Mosoti na ile chupa ya uji, na wakati huo huo nilimhurumia. Yule msichana hakuelewa kitu. Aliona tu mama amesimama jua linampiga. Akasema, "Mama, ingia basi. Kuna viti kule kando ya maji, utakaa uangalie."

Phelis alitoa mkono wake kwenye mkono wa mumewe. Akaunyoosha hewani, akatafuta, mpaka nikaushika.

"Nyabate, nirudishe nyumbani."

"Dada, tumeshafika. Maji ndiyo hayo hapo, nayaona."

"Basi yaangalie wewe," alisema. "Halafu unirudishe."

Sikuangalia. Nikamgeuza polepole, tukaanza kurudi kwa ile barabara, mimi namwambia wapi kuna tope. Alikuwa anatembea vizuri, hajikwai. Nilingoja nisikie miguu ya Mosoti nyuma yetu. Sikuisikia. Tulipofika kwenye kona nikageuka, nikamwona bado amesimama mbele ya yule msichana, ameinama kidogo kwa adabu, anamwuliza kama ana uhakika, kama hata mwezi wa kwanza kulikuwa wazi.